Tezi ina melanoma, ngozi haina kidonda: jinsi ya kutafuta chanzo na kuanza tiba

Mgonjwa anakuja na mtoki kinenani, mgumu, hauumi, mkubwa kama yai la kanga. Ameshameza antibaiotiki dozi mbili, na pengine ameanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kukisia tu. Uvimbe unazidi kukua. Mwishowe kinyama kinachukuliwa na jibu linarudi: melanoma. Ngozi inatazamwa harakaharaka, hakionekani kitu, na kwenye faili inaandikwa "chanzo hakijulikani".

Melanoma ni saratani ya seli zinazotengeneza melanini, ile rangi ya ngozi. Katika kila wagonjwa 100 wa melanoma, karibu 3 hukutwa imeshafika kwenye tezi, chini ya ngozi, mapafuni, kwenye ini au ubongoni, na pale ilipoanzia hapaonekani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kinga ya mwili ilikiua chanzo baada ya mbegu za saratani kuwa zimeshasafiri. Lakini kwa watu wenye ngozi nyeusi, ambao melanoma yao huota zaidi unyayoni na chini ya kucha, tunasisitiza jambo moja: usiandike "hakijulikani" kabla hujaosha miguu ya mgonjwa na kuitazama kwa taa. Na ukishatafuta ipasavyo, acha. Kuna wagonjwa wanaopotea kwa sababu hakuna aliyetafuta, na kuna wanaopotea kwa sababu utafutaji ulichukua miezi mitano huku tezi inaendelea kukua.

Kinyama

Anza na sindano nyembamba ya geji 22 hadi 25. Kikitoka kitu cheusi kama masizi, kiandike kwenye fomu ya maabara, maana ni dalili nzito. Kisipotoka usijifariji, kwani zipo melanoma zisizo na rangi kabisa. Sindano hiyo inatosha kukuambia kwamba ni saratani, ila haiachi tishu ya kutosha kwa vipimo vitakavyofuata. Fuatisha sindano nene ya geji 14 au 16, toa vipande 3 au 4.

Ukilazimika kutoa tezi kwa kisu, toa nzima bila kuipasua ikiwa ndani ya mwili, na mkato wako upite palepale daktari wa upasuaji atakapopita tena akija kuondoa tezi zote. Mkato uliokaa vibaya utamlazimu kukata ngozi zaidi, na kinenani ngozi haipo ya kuchezea. Tezi ya shingoni usiiguse kwa kisu kabla hujatazama kinywa, pua na koo.

Fomalini ndiyo inayoharibu majibu mengi kuliko kosa lolote la kitaalamu. Inayotakiwa ni ya asilimia 10 yenye chumvi za fosfeti: mililita 100 za fomaldehaidi kama inavyouzwa (asilimia 37 hadi 40), mililita 900 za maji yaliyotoneshwa, gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za disodiamu haidrojeni fosfeti. Ujazo uwe angalau mara 10 ya kinyama. Fomalini hupenya taratibu, takriban milimita 1 kwa saa, kwa hiyo tezi ya sentimita 3 ikitumbukizwa nzima itaanza kuoza katikati ilhali nje imekakamaa vizuri. Ukishaitoa mwilini, ikate vipande vya nusu sentimita kabla ya kuitumbukiza. Ikae humo kuanzia saa 6, isizidi saa 72. Chupa iwe na mdomo mpana, kwa sababu kinyama kikishakakamaa hakitoki tena kwenye shingo ya chupa ya dawa ya kikohozi, na atakayekivuta kwa koleo atakisaga. Jina la mgonjwa liandikwe kwenye mwili wa chupa. Vifuniko hubadilishana mezani.

Kabla ya fomalini, tenga kipande kidogo kwenye chupa yenye maji ya chumvi kwa ajili ya kipimo cha kifua kikuu, GeneXpert au cha kuotesha. Kifua kikuu na saratani vinaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Kwenye fomu usiandike "uvimbe kinenani" ukaishia hapo. Andika umri, mahali hasa, muda, rangi uliyoiona, na shaka yako. Mwanapatholojia akijua unashuku melanoma ataomba rangi za kingamwili zinazofaa (rangi za maabara zinazonata kwenye protini fulani za seli): S100 na SOX10, ambazo mara chache sana huikosa melanoma, pamoja na Melan-A na HMB-45, ambazo zikishika zinathibitisha zaidi. Sitokeratini iwepo ili kuondoa saratani za aina nyingine kama ya titi au mapafu, na CD45 kuondoa limfoma, yaani saratani ya tezi zenyewe. Fedha zikiwa haba, anza na SOX10 (au S100), Melan-A na sitokeratini.

Kuna mitego mitatu maabara. Wa kwanza ni rangi ya kahawia ya DAB, ambayo kwenye melanoma nyeusi tititi haitofautiki na melanini yenyewe; omba rangi nyekundu, au melanini ipaushwe kwanza. Wa pili ni seli za baka la kawaida zinazokaa kwenye ganda la tezi bila madhara yoyote: zimetulia, hazigawanyiki, na mtu mwenye haraka anaweza kuziita saratani. Wa tatu ni sakoma ya seli angavu, inayoota kwenye kano za mguu na kifundo na kushika rangi zilezile za melanoma. Uvimbe ukiwa umeshikamana na kano, ndani kabisa, kwa kijana, omba kipimo cha jeni ya EWSR1 kabla ya kukubali jibu.

Kumtazama mgonjwa

Tenga dakika 30, chumba chenye mlango unaofungika, taa kali na lenzi. Dermatoskopu (lenzi yenye taa ya kukagulia ngozi) ikiwepo ni bora zaidi. Awepo muuguzi wa jinsia ya mgonjwa. Mweleze kwa nini unataka avue nguo zote. Asipoelezwa atavua nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Maswali kwanza. Ukiuliza "ulikuwa na saratani ya ngozi?" atajibu hapana, na atakuwa mkweli. Uliza hivi: "Mama, kuna kitu chochote mwilini kiliwahi kukatwa, kuchomwa, kufungwa uzi, au kupakwa dawa kikaisha?" Uliza kama kuna kucha iliyong'olewa, kidole kilichokatwa kwa kidonda kisichopona, jicho lililotolewa, doa jeusi lililofifia lenyewe. Kama kitu kilikatwa hospitalini, fuatilia kile kipande: maabara nyingi huhifadhi vibonge vya nta kwa miaka, na kibonge cha zamani kikitazamwa upya kinaweza kumaliza fumbo lote. Das Gupta na wenzake walishaweka mashariti haya mwaka 1963. Chanzo hakiitwi kisichojulikana kama mgonjwa aliwahi kutolewa jicho, aliwahi kuondolewa doa bila kipimo cha maabara, ana kovu kwenye eneo linalomwaga limfu (majimaji ya mwili yanayochujwa na tezi) kwenye tezi husika, au hajakaguliwa macho, sehemu za siri na njia ya haja kubwa.

Kisha fuata mkondo wa limfu kurudi nyuma. Tezi ya kwapa hupokea kutoka mkononi, kifuani, titini na mgongoni juu ya usawa wa kitovu. Ya kinena hupokea kutoka mguuni, matakoni, tumboni chini ya kitovu, sehemu za siri na mwisho wa njia ya haja kubwa. Ya shingo hupokea kutoka kichwani, usoni, masikioni, kinywani na puani. Anza na eneo hilo, ila malizia mwili mzima.

Miguu ndiyo yenye siri. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, isugue kwa jiwe la miguu mpaka sugu ilainike, kausha, halafu tazama unyayo wote, kisigino, na katikati ya kila kidole kwa kukitanua. Melanoma ya hapo huja kama doa la rangi mbilitatu lenye kingo zisizonyooka, kama kidonda kisichopona, au kama kinyama chekundu kinachotoka damu. Imekuwa ikitibiwa kama chunjua, fangasi, kidonda cha kisukari na msumari uliochoma. Rangi ya kucha iondolewe yote. Kwa akina mama wa Pwani kuna suala la hina na piko: kwenye ngozi hufifia baada ya wiki kadhaa, lakini kwenye kucha hubaki mpaka kucha ikue itoke. Mtu akiwa ametoka harusini, mweleze, mpe tarehe ya kurudi, na wakati huo endelea na vipimo vingine.

Mistari myeusi kwenye kucha ni ya kawaida kwa watu weusi, hasa ikiwa kwenye kucha kadhaa. Unaotia shaka ni mstari mmoja peke yake, wenye upana unaozidi milimita 3, unaozidi kupanuka, au ambao weusi wake umevuka kucha na kuingia kwenye ngozi inayoizunguka. Kinyama cha hapo kichukuliwe kwenye shina la kucha. Ukikata ncha ya kucha hutapata kitu.

Panda juu: nyuma ya masikio, ndani ya nywele (sukwa zifumuliwe), ufizi, kaakaa, matundu ya pua, chini ya govi, midomo ya uke na ndani kwa spekulamu, njia ya haja kubwa kwa kidole na proktoskopu. Tafuta pia kilichokufa: baka jeupe lenye kijivu au bluu katikati, au kovu ambalo mgonjwa halikumbuki. Taa ya Wood kwenye chumba chenye giza hulionyesha vizuri.

Jicho litazamwe baada ya tone la tropikamidi ya asilimia 1 na kusubiri dakika 20 hadi 30 mboni ipanuke. Hapa kuna tofauti inayobadilisha tiba. Melanoma ya ndani ya jicho husafiri kwa damu na hukimbilia kwenye ini; haina kawaida ya kuanza na tezi. Mgonjwa mwenye melanoma kwenye ini bila tezi yoyote apelekwe kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa zinazosaidia melanoma ya ngozi hufanya kazi kidogo kwa ile ya jicho.

Picha na damu

Kinachotakiwa ni CT ya kifua, tumbo na nyonga kwa dawa ya kung'arisha, pamoja na shingo kama tezi iko huko, na MRI ya ubongo. Pima kreatinini kabla ya dawa hiyo. PET-CT (picha ambayo seli zinazokula sukari nyingi hung'aa) inaweza kuchukua nafasi ya CT ya mwili, na Nairobi inapatikana Aga Khan na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Haitoi ruhusa ya kuacha MRI ya ubongo, kwani ubongo wenyewe hung'aa kwenye PET na uvimbe mdogo hujificha humo. Pasipo na MRI, fanya CT ya kichwa. Pasipo na CT kabisa, eksirei ya kifua na ultrasaundi ya tumbo ndivyo vya kuanzia wakati rufaa inaandaliwa.

Endoskopi ya tumbo na utumbo mpana usiiagize kwa kubahatisha. Iagize kama kuna damu kwenye choo, upungufu wa damu au kuziba kwa utumbo.

Kwenye damu, LDH (kimeng'enya kinachomwagika seli zinapoharibika) ina uzito wa pekee. Ikipanda, hali ni mbaya zaidi, na inaingia kwenye upangaji wa hatua. Hupanda pia kwa uongo pale chembe nyekundu zinapopasuka: sindano nyembamba mno, damu iliyovutwa kwa nguvu, au chupa iliyorushwarushwa kwenye bodaboda. Ikitoka juu, rudia kwa damu mpya kabla ya kumtisha mtu.

Omba kipimo cha jeni kwenye kinyama: BRAF kwanza, kisha NRAS na KIT. Karibu nusu ya melanoma zisizo na chanzo zina hitilafu ya BRAF. Zile za unyayo na utando laini huwa nayo kwa uchache, na humo ndimo KIT inapotafutwa. Rangi ya kingamwili iitwayo VE1 ni njia rahisi, ila hugundua V600E tu, aina moja ya hitilafu ya BRAF. Ikitoka hasi haijafunga mlango.

Kupanga hatua

Chanzo kisichoonekana kinaandikwa T0. Tezi za eneo moja, au uvimbe chini ya ngozi pasipo kitu kingine mwilini, huhesabiwa hatua ya III: tezi moja iliyoshikika kwa mkono ni IIIB, mbili na kuendelea ni IIIC. Ikifika mbali ni IV: M1a kwenye ngozi, misuli au tezi za mbali, M1b mapafuni, M1c kwenye viungo vingine vya ndani, M1d ubongoni. Mgonjwa aambiwe wazi kwamba kutojulikana kwa chanzo hakumpunguzii nafasi. Wenye ugonjwa wa tezi peke yake huishi sawa na wenye chanzo kinachojulikana wa hatua ileile, na mara nyingine zaidi.

Tiba

Hatua ya III inatibiwa kwa nia ya kuponya. Siku hizi panapowezekana dawa ya kuamsha kinga hutangulia upasuaji, kwa kuwa uvimbe ukiwa bado mwilini kinga hupata cha kujifunzia. Kwenye utafiti wa SWOG S1801 uliochapishwa mwaka 2023, wagonjwa waliopewa pembrolizumab dozi 3 kabla ya kisu, kisha 15 baada yake, asilimia 72 walifika miaka 2 bila ugonjwa kurudi wala kuharibika kwa mpango. Waliopata dozi zote baada ya kisu walikuwa asilimia 49. Dozi ni miligramu 200 kila wiki 3, kwa dripu ya dakika 30.

Dawa ikiwa haipatikani, usisubiri: tezi za eneo zima zitolewe. Kwapa lisafishwe ngazi zote tatu. Kinena kisafishwe, na nyonga iongezwe kama CT imeonyesha tezi humo. Kutoa tezi moja inayoonekana na kumrudisha mgonjwa nyumbani ni kosa tunalolipinga kwa nguvu zote. Mrija wa kutoa majimaji ubaki mpaka yapungue chini ya mililita 30 kwa saa 24, la sivyo yatajaa ndani na kuoza. Mwambie mapema kwamba mguu au mkono unaweza kuvimba kwa kudumu, na soksi ya kubana ianze jeraha likishafunga. Baada ya hapo, dawa ikipatikana, mwaka mmoja wa pembrolizumab au nivolumab (nayo ni ya kuamsha kinga), au, kwa mwenye BRAF V600, dabrafenib miligramu 150 mara mbili kwa siku pamoja na trametinib miligramu 2 mara moja.

Hatua ya IV huanza na dawa za kinga hata kwa mwenye BRAF, isipokuwa ugonjwa unakwenda mbio kiasi kwamba wiki chache ni nyingi. Nivolumab na ipilimumab pamoja ndizo zenye nguvu zaidi: kwenye utafiti wa CheckMate 067, asilimia 43 ya waliozipata walikuwa hai baada ya miaka 10. Ndizo pia zenye madhara makubwa zaidi, kwa hiyo zitolewe penye kitanda cha kumlaza mgonjwa na maabara inayofanya kazi usiku.

Kabla ya dozi ya kwanza pima homa ya ini B, VVU, utendaji wa tezi ya thairoidi, sukari, ini na figo, na chunguza kifua kikuu. VVU iliyodhibitiwa haimnyimi mtu dawa. Mwambie mgonjwa na anayemuuguza: akiharisha mara 4 au zaidi ya kawaida yake kwa siku, apige simu siku hiyo. Huenda kinga iliyoamshwa inashambulia utumbo, na hapo ni prednisolone, ambayo ni steroidi, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Ikifika mara 7 na zaidi, alazwe. Steroidi ipunguzwe polepole kwa wiki 4 hadi 6, maana ukiikata ghafla kuhara hurudi kwa ukali zaidi. Choo kipimwe amiba, na kwa mtu wa huku kwetu ivermectin mikrogramu 200 kwa kilo itolewe kabla ya steroidi ya muda mrefu, kwa sababu minyoo ya strongiloidi ikiachiwa huru inaua. Kikohozi kikavu na pumzi fupi si lazima iwe kifua kikuu. Mapafu yanaweza kuwa yameshambuliwa na kinga yenyewe.

Dabrafenib huleta homa. Joto likifika 38, simamisha vidonge vyote viwili, pima malaria, toa parasetamoli, na uvirudishe homa ikishakata kwa saa 24. Kamwe usiseme "ni ya dawa" bila kupima malaria, wala "ni malaria" bila kuuliza dawa. Vidonge viliwe saa 1 kabla ya chakula au saa 2 baada yake. Mwenye KIT anaweza kupata imatinib miligramu 400 kwa siku.

Sehemu nyingi kilichopo ni dacarbazine: miligramu 1,000 kwa kila mita ya mraba, kila wiki 3. Tuseme ukweli, uvimbe hupungua kwa mgonjwa mmoja kati ya saba au kumi, na haijathibitika kwamba inarefusha maisha. Ikitolewa, chupa na mrija vifunikwe kwa karatasi ya alumini, kwa kuwa mwanga huiharibu. Ikigeuka rangi ya waridi, itupwe. Dawa ya kuzuia kutapika itangulie.

Mionzi ina kazi yake: greyi 8 kwa mara moja kwa mfupa unaouma, na mionzi lengwa kwa uvimbe mchache wa ubongo, au greyi 20 kwa siku 5 za ubongo mzima pasipo na mashine hiyo. Mwenye kuumwa kichwa na kutapika kwa sababu ya ubongo kuvimba apewe dexamethasone, miligramu 8 asubuhi na 8 mchana. Ikitolewa usiku hatalala. Maumivu makali yatibiwe kwa mofini ya maji, miligramu 5 kila saa 4, nusu yake kwa mzee, na bisacodyl kila siku tangu dozi ya kwanza.

Marudio ni kila miezi 3 kwa miaka 2, halafu kila miezi 6 mpaka mwaka wa 5. Kila marudio shika tezi zote, tazama ngozi yote, na vua viatu vya mgonjwa hata kama amekuja kwa ajili ya picha tu. Chanzo hujitokeza baadaye kwa baadhi yao, na kikionekana kikatwe na kupimwa. Ila tiba iliyoanza isisimame kukisubiri.